Viazi vinanyauka mchana, asubuhi vimesimama: soma dalili kwanza kabla hujakimbilia dawa

Kila msimu maswali ni yale yale, na anayeuliza ni mtu ambaye hela ya dawa imeshamwishia. Viazi vilikuwa vizuri bana, vimetoa maua, ghafla mche mmoja umelala, kesho mitatu, wiki ijayo mstari mzima, nimepiga dawa ya ukungu mara mbili nikaongeza na ya wadudu lakini wapi. Ukimuuliza ulikata shina ukaangalia ndani? Hapana. Basi hapa nimefuata dalili, yaani unaanza na unachokiona kwa macho shambani afu unashuka mpaka chanzo, na kwenye kila dalili nimetanguliza sababu ninayokutana nayo mara nyingi, ile ya nadra iko mwisho.

Kwanza tusidanganyane, viazi mviringo sio zao la ziwani. Ziwa letu la Victoria liko mita kama 1,134 kutoka usawa wa bahari, na kiazi hiki kinapenda milima, mita 1,500 na kwenda juu, usiku wa baridi. Ndo maana chipsi nyingi za Mwanza ni viazi vilivyokuja na lori kutoka Mbeya na Njombe. Sisi tunaolima huku Kayenze, Igombe, Magu na kwingineko tunalima kwa kubahatisha kidogo, vibustani vya pampu, mara nyingi ubavuni mwa nyanya na hoho, na hapo ndo shida inapozaliwa maana mnyauko bakteria ni ugonjwa wa ukoo: viazi mviringo, nyanya, bilinganya, ngogwe (nyanya chungu), hoho, pilipili, wote anawala. Bakteria mwenyewe anaitwa Ralstonia solanacearum na anachangamka udongo ukiwa na joto la nyuzi 25 mpaka 35, kwa hiyo huku kwetu ni kama amefika kwao. (Viazi vitamu siviongelei, najua ukimtajia Msukuma viazi akili inaenda kwenye michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, ila leo ni mviringo.)

Kitu kimoja ukishike kabla hatujaendelea: baridi inamficha huyu bakteria. Kiazi cha mbegu kinaweza kutoka milimani kikiwa kizuri, kigumu, hakina doa, kumbe anaye ndani amelala. Kule baridi haikumruhusu kuonyesha kitu. Ukija kukipanda huku kwenye joto anaamka, wiki ya tano ya sita mche unalala, na wewe unalaumu udongo wa shemeji aliyekukodishia.

Ukaguzi: nenda saa mbaya

Watu wengi wanakagua saa moja asubuhi, umande bado upo, kila kitu kijani na kimesimama, wanarudi nyumbani roho nyeupe. Mnyauko bakteria wa mwanzoni asubuhi huuoni. Nenda saa saba mpaka saa tisa mchana jua likiwa la utosi, hata kama unaona uvivu, mche wenye shida utaujua maana wenzie wamesimama au wamelegea kidogo tu na yeye kalala kabisa. Choma kijiti chenye kitambaa chekundu pembeni yake. Kesho yake rudi saa kumi na mbili asubuhi uuangalie ule ule. Hivyo viwili ukivilinganisha ndo kipimo chako cha kwanza na hakina gharama.

Ukipanda sentimita 75 kwa 30 ekari ina mashimo kama 18,000, huwezi kukagua moja moja. Tembea kwa umbo la W, simama sehemu tano, kila sehemu hesabu mashimo 20, jumla mia. Andika kwenye daftari tarehe na idadi. Ukikuta mmoja kwenye mia ni makadirio tu lakini ina maana ekari nzima inaweza kuwa na kama 180 iliyolala, hapo iliyojificha hujaihesabu. Anza wiki ya nne baada ya kupanda, mara mbili kwa wiki, na usikose siku ambazo mvua imenyesha afu likafuata jua kali siku mbili tatu, hapo ndo inajitokeza kwa fujo. Sehemu yenye vijiti vyekundu iache iwe ya mwisho kutembelea siku hiyo, usianzie huko afu ukazunguka shamba lote na matope yake kwenye buti.

Dalili: mche umelala mchana, majani bado ni ya kijani

Hii ndo kubwa na nitakaa hapa sana.

Sababu ya kwanza ni kiu tu, usicheke. Udongo wetu wa luseni, ule wa kichanga wa kwenye miteremko ya mawe, haushiki maji, ukimwagilia leo kesho kutwa umekauka. Chimba kwa kidole mpaka kiungo cha pili pembeni ya mche, kama pakavu mwagilia jioni uangalie kesho mchana. Kiu inalaza mimea mingi kwa pamoja, eneo zima. Mche mmoja kulala katikati ya wenzie waliosimama kwenye udongo ule ule wenye unyevu, hiyo sio kiu.

Ya pili ndo mwenyewe, mnyauko bakteria. Alama zake: mara nyingi unaanza na shina moja tu kwenye shimo lenye mashina matatu manne, majani ya juu yanalegea kwanza, rangi bado kijani, usiku yanaamka, siku chache baadaye hayaamki tena. Hapo fanya kipimo cha glasi, na kama kuna kitu kimoja utakifanya kwenye maelezo yote haya kiwe hiki. Chukua glasi ya kunywea maji inayoonyesha ndani, jaza maji safi yaliyotulia. Kata kipande cha shina lililolegea, sentimita mbili tatu juu ya udongo, urefu wa kidole. Kining'inize kwa uzi au kibanio cha nguo ili upande wa chini uguse maji, usikitikise, weka kitu cheusi nyuma ya glasi. Subiri dakika tano. Ukiona nyuzi nyeupe kama za maziwa zinashuka taratibu kutoka kwenye mkato, huyo ni bakteria, biashara imekwisha. Nyuzi zisipotoka rudia kwa mche mwingine uliolala kweli kweli, maana ule unaoanza kulegea leo unaweza usitoe kitu.

Mi nilikaa misimu miwili sijui hiki kipimo. Duka moja la pembejeo liliniuzia unga wa kuchanganya na maji nimwagie kwenye shina, muuzaji anaongea kwa kujiamini kabisa, nikamwagia shamba zima. Sasa sikia vizuri: mnyauko bakteria hauna dawa ya kutibu mche ulioshika. Hamna. Dawa za ukungu hazimgusi kwa sababu yeye sio ukungu, na yuko ndani ya mirija ya kupandisha maji ameshaijaza ute, ndo maana mche unakufa na kiu wakati umesimama kwenye unyevu. Dawa za kopa, yaani za shaba, nazo hazimfikii huko ndani. Akikwambia mtu ana dawa mwambie aipige kwake kwanza.

Ya tatu ni mnyauko fuzari, huyu ni ukungu wa udongoni. Yeye anaenda taratibu, majani ya chini yanageuka njano kwanza, saa ingine upande mmoja wa mche, shina ukilikata lina kahawia ndani lakini kwenye glasi hatoi nyuzi. Ya nne minyoo fundo, ng'oa uone mizizi ina vinundu kama shanga, na hawa ni washirika wa bakteria maana wanatoboa mizizi naye anapitia humo humo. Zinazobaki ni za nadra, sota wamekata shina usawa wa udongo, mchwa wamekula chini, au fuko kapita na mizizi inaning'inia hewani, hizo ukivuta mche tu unajua.

Kama glasi imetoa nyuzi fanya hivi siku hiyo hiyo. Simamisha maji ya mfereji upande huo. Chimbua mche mzima na viazi vyake vyote na udongo wa kwenye mizizi, usiuvute kwa shina ukaacha viazi chini, tumbukiza ndani ya mfuko wa mbolea moja kwa moja, usiukokote ukidondosha udongo njia nzima. Toa na majirani zake wa kushoto na kulia kwenye tuta hilo hilo hata kama wanakuchekea. Shimoni mwaga chokaa au majivu, weka kijiti, na hapo usipande kitu msimu huo. Mabaki fukia kwenda chini sana mbali na maji, au yakaushe uchome. Usitupe kwenye mboji, usiwape ng'ombe mabichi afu samadi ikarudi shambani, na tafadhali usitupe ziwani au mferejini, nimeona mtu anafanya hivyo mchana kweupe huku aliye chini yake anamwagilia nyanya.

Jembe: toa udongo wote kwanza kwa brashi, afu chovya kwenye jiki, kipimo kimoja cha jiki kwa tisa za maji, liache dakika chache, suuza maana linashika kutu. Matope yakibaki jiki inaishiwa nguvu, kwa hiyo kuchovya jembe chafu ni kujifurahisha tu. Vaa glovu, na usichanganye jiki na dawa nyingine yoyote. Buti nazo zipite humo humo.

Vijiti vyekundu vinakwambia alikotoka

Hii sehemu watu wanairuka na mi naona ndo yenye utamu. Vijiti vikifika kumi simama sehemu ya juu angalia vimekaaje.

Vimetawanyika ovyo shamba zima, kimoja huku kimoja kule, havifuatani: hiyo ni mbegu. Bakteria alikuja ndani ya kiazi chenyewe. Kwa huku kwetu hii ndo nakutana nayo zaidi, kwa sababu mtu anaenda sokoni anachambua viazi vidogo vya kupika, anaviotesha macho gizani, anapanda. Wengine wanavikata vipande ili mbegu ienee, na kisu kile kile kikipita kwenye kiazi kimoja chenye bakteria kinawapaka wanaofuata. Panda kiazi kizima ukubwa wa yai, acha kukata.

Vimepangana kufuata mfereji au kuanzia pale maji yanapoingia kushuka chini: hiyo ni maji. Ama mfereji unapita kwa jirani mwenye nyanya zinazokufa kabla ya kufika kwako, ama mvua imesukuma udongo wake. Bakteria huyu anasafiri kwenye maji na anakaa kwenye magugu ya pembeni ya maji. Uholanzi mwaka 1995 ulipolipuka kwenye viazi vyao, mifereji na mito ilionekana kuwa njia yake, alikuwa amejificha kwenye gugu la kandokando ya maji la ukoo huu huu wa nyanya, wakakataza kumwagilia viazi kwa maji hayo kwenye maeneo yaliyoathirika. Sisi huku ndulele na mnavu vimejaa kando ya mifereji, ving'oe. Na walio ukingoni kabisa, maji ya ziwa yalipopanda 2020 na tena 2024 yaliingia kwenye bustani nyingi yakachanganya udongo wa kila mtu, kwa hiyo bustani iliyowahi kuzama usiichukulie kuwa safi mpaka ikuonyeshe. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 haitaki shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, hilo kila mtu analijua na kila mtu anajifanya halijui.

Vimejikusanya kona moja karibu na njia, pale mnapoweka majembe, pale vibarua wanapoingilia: hiyo ni miguu na vifaa. Mi yangu ilikuwa hii msimu wa pili, jembe la palizi lilitoka kwenye viazi vinavyokufa likaenda moja kwa moja kwenye nyanya za upande wa pili, nikajiambukiza mwenyewe.

Vimejaza kipande kile kile ambacho msimu juzi kilikuwa na nyanya au bilinganya: hiyo iko udongoni tayari, pamoja na vile viazi vya kujiotea ambavyo unaviacha ukidhani ni bahati. Ving'oe vyote, ndo vinamlisha.

Dalili: shina jeusi chini, linateleza na kunuka

Hapa mche unadumaa, majani ya juu yanakunja kwenda juu na kuwa njano, ukiuvuta unachomoka kirahisi na chini ni mweusi kama umepakwa oili chafu, harufu ya samaki aliyesahauliwa. Hii sio Ralstonia, ni bakteria wengine wa kuozesha, Pectobacterium na jamaa zake Dickeya, watu wanaita mguu mweusi.

Mara nyingi chanzo ni kiazi mbegu kilichoozea chini kwa sababu ya maji mengi, hasa udongo wa mbuga ule mweusi unaotuamisha. Angalia kama tuta lako lina njia ya kutoa maji. Kama halina lipandishe, chimba mtaro, punguza umwagiliaji. Chanzo kingine ni mbegu iliyokuwa na majeraha au iliyokatwa na kupandwa siku ile ile. Mwisho kabisa ni kupanda mbegu iliyotoka moja kwa moja kwenye gunia lenye joto na jasho. Ng'oa iliyooza, mingine iliyobaki inaweza kunusurika kama maji yameondoka, hapa kidogo kuna matumaini kuliko kule juu.

Usichanganye na bakajani chelewa, ile inaanza na mabaka kwenye majani, ukigeuza jani asubuhi kuna unga mweupe kuzunguka baka, inapenda baridi na mawingu. Ile ndo ya dawa za ukungu. Ndo maana nasema ujue kwanza unapambana na nani.

Dalili: umevuna, kiazi ukikikata kina duara la kahawia

Kata kiazi kwa upana karibu na kitovu, pale kilipokuwa kimeshikana na mmea. Kama kuna duara la kahawia, kibane kwa vidole. Yakitoka matone ya ute mweupe kama uji wa maziwa bila wewe kulazimisha sana, ni mnyauko bakteria. Alama nyingine ni macho ya kiazi kutoa ute na udongo kuganda pale pale, unakuta kiazi kimesafishika kote ila machoni kuna vidonge vya udongo vimegandia. Ukiona hivyo hata usikate.

Duara la kahawia lisilotoa ute linaweza kuwa fuzari, au mmea ulikaushwa haraka na jua. Usihukumu kwa kiazi kimoja, kata ishirini.

Kuhusu kula: bakteria huyu ni wa mimea, binadamu hamdhuru, vile vizima ambavyo havijaoza unapika tu. Ila maganda na maji ya kuoshea yasirudi bustanini. Na shamba lililotoa hata mche mmoja wenye nyuzi kwenye glasi usitoe mbegu humo, hata kwa kuchagua mimea mizuri na kuifunga kamba. Ule ujanja wa kuchagua mizuri wakati wa maua ni mzuri kwa magonjwa ya virusi, kwa mnyauko unakudanganya kwa sababu mzuri wa leo anaweza kuwa anaye ndani.

Dalili: viazi vimegeuka uji ndani ya gunia

Hii inawaliza wachuuzi kuliko wakulima. Gunia limekaa siku tatu Igoma, chini linadondosha maji, harufu mtaa mzima. Chanzo cha kwanza ni kuvuna mvua ikinyesha na kufunga vikiwa na maji, cha pili majeraha ya jembe, cha tatu lumbesa zilizopangwa juu ya nyingine bila hewa ndani ya turubai. Bakteria wa kuozesha wapo kila mahali, wanasubiri maji na kidonda tu. Mwaga chini kivulini, chambua, vikauke, usioshe. Acha ngozi ikomae shambani wiki mbili baada ya kukata majani kabla ya kuchimba. Ila kama shamba lilikuwa na mnyauko, kiazi cha Ralstonia ndo mlango wa hawa wengine, kitaoza tu hata uking'arishe vipi.

Dalili: magamba magamba kwenye ngozi

Vidonda vikavu kama upele, ndani kiazi kizima. Huyu ni bakteria mwingine, Streptomyces, anapenda udongo uliokauka wakati viazi vinaanza kutunga, na samadi mbichi. Mwagilia kwa mpangilio wiki zile za kutunga, tumia samadi iliyoiva, usimwage chokaa nyingi kabla ya kupanda. Vinalika, bei ndo inashuka. Usipoteze usingizi.

Dalili: majani yamejaa mpaka unajisifu, chini kuna gololi

Sio ugonjwa. Usiku wetu ni wa joto, mmea unatengeneza majani badala ya viazi, na ukiongeza urea unaharibu zaidi. Panda ili kipindi cha kutunga kiangukie Juni na Julai ambapo usiku unapoa kidogo, punguza urea, au ukubali kwamba kwa mita 1,134 hesabu ni hizo.

Msimu unaofuata kwenye eneo lililougua

Pumzisha ukoo mzima. Mahindi, mtama, vitunguu, kabichi, muda usiopungua miaka miwili mitatu, na ukiweza ongeza. Nyanya hapana, ngogwe hapana, na karanga nazo ziepuke maana baadhi ya aina za bakteria huyu zinazishika. Mzunguko hauna maana ukiacha viazi vya kujiotea na ndulele viendelee kuota humo. Udongo wenye unyevu muda wote anakaa zaidi, kwa hiyo bustani ya mferejini ihesabie muda mrefu kuliko ya juu. Mbegu tafuta yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha mbegu, au ya daraja la kuazimiwa (ile inayozalishwa na wakulima chini ya ukaguzi) kutoka kwa mzalishaji anayejulikana, ni ghali na ekari inakula kama kilo 800, basi panda robo ekari yenye mbegu safi kuliko ekari ya mbegu ya sokoni. Na atakayekwambia kuna aina ya kiazi isiyoshikwa kabisa na mnyauko anauza kitu, zipo zinazovumilia kidogo tu, na zinazovumilia zinaweza kumbeba bila kuonyesha.

Lini uache kuhangaika mwenyewe

Vijiti vikizidi vitano kwenye mia, acha kung'oa mmoja mmoja, kila unapochimba unamsambaza. Funga maji, zuia watu kupita, ita afisa ugani wa kata.

Glasi ikikupa majibu ya mashaka mara tatu na mimea inaendelea kufa, usikisie. Mwombe afisa ugani apange sampuli ifike maabara, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, makao yao yako Arusha, na watafiti wa TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, kituo cha Ukiriguru pale Misungwi ni karibu kwa ushauri ingawa viazi mviringo vyenyewe vina nyumba yake TARI Uyole Mbeya. Sampuli isiende mkononi kwenye daladala, weka mifuko miwili ya nailoni imefungwa, andika tarehe na mahali ilipochukuliwa.

Kama unauza mbegu kwa wenzio na umeona mche hata mmoja, simamisha mauzo siku hiyo hiyo mpaka mtaalam afike, waliokwisha nunua wapigie simu. Inauma, najua.

Kama mfereji ni wa kikundi na chanzo kiko kwa jirani wa juu, usiende na maneno peke yako, mtapigana. Nenda na mwenyekiti wa kikundi na afisa ugani, mkafanye kipimo cha glasi mbele ya mwenyewe, kwenye nyanya zake, aone nyuzi kwa macho yake. Mi jirani yangu alibisha wiki tatu, alipoziona alinyamaza afu akaniuliza jiki inauzwa shilingi ngapi.